Trekta MF 290 asubuhi linawaka mara moja, mchana likipata moto linagoma. Wataalamu wa dizeli naombeni msaada

Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumamosi, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimechoka na nina hasira, mnisamehe nikirukaruka.

Nina Massey Ferguson 290 la mkono wa pili, injini ni Perkins A4.248, silinda 4. Nalima shamba langu na ya watu huku Kiteto. Asubuhi saa 12 dereva anapiga stata mara moja tu, linawaka. Tunalima mpaka saa 6 au saa 7. Sasa lizimwe kwa ajili ya chakula au kujaza dizeli, kwisha habari. Ukipiga stata linazunguka kwa uvivu, ng'weee... ng'weee..., kama mtu anayeamshwa usingizini hataki, na halishiki. Kwenye bomba moshi hautoki, au unatoka kidogo sana. Liache saa mbili lipoe, linawaka kama halikuwa na neno.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua mpya, ile ya zamani nikampelekea mama mkwe ya kuwashia taa. Siku mbili, shida ileile. Fundi wa pili akasema stata. Ikashushwa, ikapelekwa Kibaigwa, ikasukwa upya na kuwekwa kaboni mpya. Likawa na nafuu siku moja. Wa tatu alikuja na pikipiki, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ringi za pistoni zimeisha, nitafute pesa ya kufungua injini nzima. Hapo nikasema hapana, bora niulize kwanza.

Kwa sasa hatulizimi kabisa. Linaunguruma toka asubuhi hadi jioni, hata tukiwa tunakula. Tunapigiana kelele juu ya sahani ya ugali kama tuko kwenye mashine ya kusaga. Dizeli inateketea bure, na mvua za kwanza zimeshadondoka, kila mtu anataka alimiwe wiki hii hii.

Natanguliza shukrani.


Kijiko_cha_Chai
Jumamosi, saa 2:52 usiku

Ngoja waje wataalamu. Mimi naweka kambi hapa, langu limeanza tabia hizo hizo.


Dereva_Fuso
Jumamosi, saa 3:05 usiku

Pole mkuu. Sisi huku likigoma tunasogeza Fuso pembeni, tunaunga waya za kubusti, linawaka hapo hapo. Jaribu.


Binti_Spana (Morogoro)
Jumamosi, saa 3:20 usiku

Kaka Dereva, kabla mtu hajaiga: Fuso ni volti 24, trekta hilo ni volti 12. Ukiunga zote mbili moja kwa moja, stata itazunguka kama pia, kweli, lakini unaweza kuunguza altaneta, taa na stata yenyewe, na betri inaweza kupasuka mtu akiwa ameinama juu yake. Kama huna chombo kingine kabisa, chukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili za Fuso, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi, Fuso likiwa limezimwa.


Dereva_Fuso
Jumamosi, saa 3:24 usiku

Aisee. Sasa ndiyo naelewa kwa nini trekta la mjomba liliungua taa zote nne.


Mzee_wa_Jembe
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Vijana mnahangaika. Hiyo ni pampu ya dizeli. Nimeendesha matrekta tangu mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, kule Basotu, Hanang, ugonjwa huo naufahamu kwa sauti. Pampu ya CAV ikichoka, ikiwa ya baridi inawasha, ikipata moto inakataa. Lowesha gunia maji, ivike pampu robo saa, halafu piga stata. Likiwaka, usimsikilize mtu mwingine.


Fundi_Umeme_Gari (Dodoma)
Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, soma tena alichoandika mwenye uzi. Anasema linazunguka KWA UVIVU. Pampu ya dizeli haiwezi kuifanya stata iwe mzembe. Stata inazungusha kwa nguvu ya umeme, na hapo umeme haufiki. Mimi naanzia kwenye nyaya.


Mzee_wa_Jembe
Jumapili, saa 1:40 asubuhi

Marahaba. Na mimi ninaanzia kwenye pampu. Tutaona.


Moiben_Ngano (Uasin Gishu)
Jumapili, saa 2:02 asubuhi

Huku kwetu shida ni kinyume, asubuhi baridi ndiyo inatusumbua. Hizi Perkins hazina plagi za kupasha moto kwa kila silinda, ziko na kifaa kimoja kinaitwa thermostart kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa. Unageuza ufunguo kwa alama ya moto, unahesabu sekunde 15 hadi 20, dizeli kidogo inadondokea waya mwekundu inashika moto, hewa inaingia ikiwa na joto, ndiyo unapiga stata. Wengi wameitoa wakaziba tundu, halafu wanalia asubuhi.

Na msipulize ile dawa ya kopo ya kuwashia injini kwa trekta ambayo bado iko na hiyo thermostart. Jirani yetu alifanya hivyo. Kisafisha hewa kililipuka, akakaa mwezi bila nyusi.


Binti_Spana (Morogoro)
Jumapili, saa 3:30 asubuhi

Samahani jana nililala. Nimesomea mashine za kilimo pale SUA na kazi yangu ni hizi hizi, ngoja nijaribu kuwapatanisha mzee na fundi wa Dodoma.

Kaka Mpanda, saa ambayo trekta linagoma inasema mengi kuliko sauti yake. Ringi zilizoisha huleta shida asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, haitoshi kupasha hewa. Lako asubuhi linawaka mara moja. Kwa hiyo fundi wa tatu mwambie asante, aende. Upepo kwenye mfumo wa dizeli nao mara nyingi hujionyesha asubuhi: mafuta yamerudi tangini usiku kucha, unapiga stata mpaka mkono unauma. Lako halina hilo. Betri iliyokufa nayo ingekuumbua alfajiri, si saa 7 mchana baada ya kuchajiwa na altaneta asubuhi nzima.

Vinavyogoma kwenye joto ni vichache. Stata yenye bushi zilizolika, shafti inashuka na kukwaruza ndani. Nyaya au viungo vyenye kutu, maana njia mbovu ya umeme huwa mbovu zaidi ikipata moto. Na pampu aliyoitaja mzee. Ile CAV DPA inasukuma dizeli kwa rota inayozunguka ndani ya hedi (kichwa cha pampu), na kati yao hakuna oili wala sili, ni chuma kwa chuma kilichosagwa kwa usahihi mkubwa, kinalainishwa na dizeli yenyewe. Ikilika, dizeli ya baridi ambayo ni nzito bado inasukumika. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia humo humo ndani pembeni ya rota. Injini ikishawaka pampu inazunguka haraka, uvujaji hauonekani. Kwenye kasi ya stata ndiyo inashindwa. Na stata ikiwa mvivu, pampu iliyochoka inashindwa zaidi.

Unaona ninakokwenda? Inawezekana una magonjwa mawili, na kila moja linamficha mwenzake.

Usinunue kitu. Azima mita ya umeme kwa fundi simu au fundi redio yeyote hapo mjini. Trekta likiwa na moto na limegoma, vuta kamba ya kuzimia lisije likawaka bahati mbaya, mtu mmoja apige stata sekunde 5, wewe usome:

kwanza kwenye vichwa vya betri vyenyewe, chanya na hasi;
halafu kwenye bolti kubwa ya stata na mwili wa stata;
halafu mkono mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye mwili wa stata.

Kwenye vichwa vyenyewe, si kwenye tamino (kile kibano cha waya kinachoshika kichwa cha betri). Kiungo chenyewe cha tamino nacho ni mshukiwa. Leta namba.


Kijiko_cha_Chai
Jumapili, saa 3:41 asubuhi

Dada umetisha. Hiyo ya tatu inapima nini? Hasi ya betri na mwili wa trekta, yaani ethi, ni kitu kilekile.


Fundi_Umeme_Gari (Dodoma)
Jumapili, saa 3:55 asubuhi

Ndipo penyewe. Vingekuwa kitu kilekile, mita ingesoma sifuri. Ikisoma volti, ujue volti hizo zinapotelea njiani badala ya kufika kwenye stata. Mimi zaidi ya nusu volti sikubali.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumapili, saa 1:20 usiku

Nimepata mita kwa kijana wa simu, nimemwachia kitambulisho changu rehani. Majibu haya, trekta likiwa limegoma saa 8 mchana:

Betri limetulia: 12.5
Vichwa vya betri wakati wa kupiga stata: 10.3
Kwenye stata: 8.4
Hasi ya betri hadi mwili wa stata: 1.5

Nimerudia mara tatu. Fundi wa Dodoma, hiyo 1.5 ni ile?

Halafu niseme ukweli, ufunguo ulikufa zamani. Dereva anawashia bisibisi, anagusanisha bolti mbili za stata akiwa amesimama chini.


Fundi_Umeme_Gari (Dodoma)
Jumapili, saa 1:31 usiku

Ni ile kaka. Unapoteza 1.9 njiani, na 1.5 kati ya hizo iko upande wa ethi. Betri yako mpya haina kosa, na ya zamani pengine nayo haikuwa na kosa. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye mwili wa trekta. Fungua bolti, usitazame tu kwa nje. Nataka picha.

Hilo la bisibisi waache wengine wakuseme, mimi nikianza sitamaliza.


Binti_Spana (Morogoro)
Jumapili, saa 1:44 usiku

Nakusema mimi. Trekta lina swichi inayozuia stata isipige likiwa kwenye gia. Bisibisi inairuka hiyo swichi. Dereva akisahau gia, injini ikashika, tairi la nyuma linaanza kupanda pale pale aliposimama. Hapati muda wa kukimbia kwa sababu yupo kati ya tairi la mbele na la nyuma. Huku tuna kijana alivunjwa nyonga namna hiyo, na alikuwa mzoefu. Swichi ya ufunguo ni bei ndogo kuliko kuku watatu. Nunua.


Mzee_wa_Jembe
Jumapili, saa 1:50 usiku

Hapo binti nakuunga mkono. Basotu mtu akikutwa na bisibisi kwenye stata alikuwa anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Gunia umelowesha?


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Mzee gunia bado, nianze na moja.

Wakuu, nimefungua ile bolti ya ethi. Chini ya jicho la waya kuna rangi. Rangi nyekundu ya trekta, nene kabisa! Aliyeniuzia alilipiga rangi upya lipendeze, wakapulizia na mahali pa kufungia ethi, halafu wakafunga waya juu yake. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti tu, nazo zina kutu ya kahawia inayodondoka kama ugoro. Kuvua zaidi, waya wenyewe ni wa kawaida kama wa kuwekea taa za ukumbini, mwembamba kuliko kidole changu kidogo, na karibu na tamino umegeuka kijani kwa ndani.

Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kwa juu baada ya kukaza, na nimenunua kebo nene ya mashine ya kuchomelea, dukani wameniwekea macho ya shaba. Mchana nitapima.


Kijiko_cha_Chai
Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Nimetoka kuangalia langu. Rangi. Nyekundu. Sina la kusema.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumatatu, saa 8:50 mchana

Namba mpya, trekta likiwa na moto vilevile:

Vichwa vya betri: 9.9
Kwenye stata: 9.3
Upande wa ethi: 0.2

Linazunguka kwa kasi mpaka dereva ameruka. LAKINI HALIWAKI. Linazunguka vizuri kabisa, vrr vrr vrr, halishiki. Na mbona kwenye betri imeshuka kutoka 10.3 mpaka 9.9? Nimeharibu?


Fundi_Umeme_Gari (Dodoma)
Jumatatu, saa 9:02 alasiri

Hujaharibu. Njia imefunguka, stata sasa inavuta umeme inaoutaka, kwa hiyo betri inafanya kazi yake na inashuka kidogo. Mwanzo stata ilikuwa imekabwa koo, haikuweza hata kuichosha betri. Muhimu kwako ni ile 9.3.

Kuhusu kutowaka, namwachia mzee kiti. Nakubali.


Mzee_wa_Jembe
Jumatatu, saa 9:10 alasiri

Gunia.


Dereva_Fuso
Jumatatu, saa 9:11 alasiri

😂😂 Mzee amesubiri tangu Jumamosi.


Binti_Spana (Morogoro)
Jumatatu, saa 9:20 alasiri

Loweka gunia, izungushie pampu, liache hapo dakika 15 hadi 20, ongeza maji kidogo kidogo. Injini iwe imezimwa. Usimwagie ndoo ya maji baridi pampu inayozunguka, hedi ikijikunja ghafla rota inaweza kukwama ndani, na hapo utalia kilio kingine. Stata na altaneta zifunike na mfuko.

Kabla ya hapo hakikisha hakuna upepo, dakika tano tu: legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono ile lifti pampu ya pembeni (ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini) mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Kama kale kamkono hakana nguvu, kanacheza tu, zungusha injini kidogo ujaribu tena, kamu inakuwa imekaa vibaya. Ukiwa hapo chomoa kijiti cha oili unuse. Ngozi ya lifti pampu ikipasuka dizeli inaingia kwenye oili, kimo kinapanda badala ya kushuka, na watu wanafurahi kwamba injini yao hailambi oili.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumatatu, saa 10:25 alasiri

Upepo hakuna. Oili ipo kwenye alama, hainuki dizeli.

Gunia tumeliweka, tumekaa chini ya mbuyu tumelitazama kama tunamtazama mgonjwa. Mvuke umetoka mwanzo, baadaye ukaisha. Dakika 20. Dereva (na ufunguo mpya, dada, nimenunua) akapiga stata. Mara ya kwanza likakohoa. Mara ya pili LIKAWAKA.

Mzee shikamoo. Shikamoo tena.


Mzee_wa_Jembe
Jumatatu, saa 10:31 alasiri

Marahaba mwanangu. Ila na yule wa Dodoma alisema kweli. Kwa stata ile ya mwanzo, hata gunia lingekusumbua.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumatatu, saa 10:40 alasiri

Sasa nifanyeje na pampu? Fundi wa pili amesikia habari, anasema atakuja kesho aifungue hapa hapa, abadilishe sili.


Binti_Spana (Morogoro)
Jumatatu, saa 10:58 alasiri

Usikubali pampu ifunguliwe chini ya mbuyu. Sili hazihusiki, kilicholika ni hedi na rota, na hivyo hubadilishwa vikiwa pamoja kama seti. Baada ya hapo pampu lazima ifungwe kwenye benchi ya kupimia ili kiasi cha dizeli na kasi virekebishwe. Benchi utaipata Dodoma, huku Morogoro au Dar. Ukifika waulize kabla ya kuwaachia: mna benchi? Naweza kusimama nitazame mkipima? Akijibu kwa kuguna, beba pampu yako. Na wakati wa kuishusha piga alama ya patasi pale flenji ya pampu inapokutana na injini, irudi mahali pake ileile, la sivyo utaanza uzi mwingine wa moshi na kugonga.

Si lazima leo. Pampu hiyo haitakufa ghafla kesho. Ukiweza kuvumilia gunia, malizia kulima kwanza.

Na chunguza mafuta. Unanunua wapi dizeli?


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumatatu, saa 11:15 alasiri

Nikiwahi naenda kituoni. Nikibanwa nanunua ya madumu barabarani, siwezi kudanganya.


Mzee_wa_Jembe
Jumatatu, saa 11:30 jioni

Ya madumu hujui imelala wapi. Kabla serikali haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, dizeli nyingi ilikuwa inachakachuliwa kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayalainishi pampu. Tulizika pampu nyingi miaka ile. Siku hizi balaa ni maji na vumbi. Dumu likilala usiku, usimimine mpaka tone la mwisho. Ile robo lita ya chini waachie wa kuoshea vyuma.


Moiben_Ngano (Uasin Gishu)
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Sisi tunachuja kwa kitambaa kisafi na tangi tunajaza jioni, si asubuhi. Tangi tupu usiku linatoa jasho kwa ndani, asubuhi uko na maji. Na ile bakuli ya filta ifungue chini kila wiki, uone chenye kinatoka. Mara ya kwanza utashtuka.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumamosi, saa 2:10 usiku

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Wiki nzima tumelima kwa gunia. Dereva amelipa jina, analiita Nesi. Saa 7 linazimwa, Nesi anapanda pampu, sisi tunakula, tukimaliza linawaka mara ya kwanza au ya pili. Bakuli la filta nimelifungua, maji yametoka nusu kikombe na kitu cheusi kama uji wa ulezi. Pampu itakwenda Dodoma shamba la mwisho likiisha.

Leo ndiyo nimegundua dereva wangu ana hadithi nyingi sana. Miezi miwili tumekula pamoja na sikuwahi kumsikia.


Kijiko_cha_Chai
Jumamosi, saa 2:18 usiku

Langu baada ya kukwangua rangi halijagoma tena. Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, asanteni. Mpanda, ile betri yako ya zamani bado ipo? Naihitaji, nanunua.


Mpanda_Mahindi (Kiteto)
Jumamosi, saa 2:21 usiku

Inawasha taa tatu na televisheni kwa mama mkwe. Kaiombe mwenyewe.